Shamba la Naboti Liko Kando ya Maji



Baadhi yenu mtashangaa kuona kijitabu cha Haki na Amani kinazungumzia mchezo wa gofu. Newala hakuna klabu ya gofu, wala hakuna bahari. Mtu akisimama ukingoni mwa uwanda wa Makonde pale Newala huliona bonde la Ruvuma na nchi ya Msumbiji ng'ambo yake, mawimbi hayaoni. Mkulima wa korosho wa Masasi anayehangaikia salfa ya mikorosho yake ana haki ya kuuliza: haya yananihusu nini?

Yanatuhusu kwa sababu tatu. Kwanza, watoto wa uwanda huu wametawanyika Mtwara, Mikindani, Dar es Salaam na Zanzibar, na wengi wao wanatafuta riziki kando ya maji. Pili, pwani yetu ya kusini sasa inatamaniwa. Gesi ya Ghuba ya Mnazi iligunduliwa mwaka 1982, bomba la kuipeleka Dar es Salaam likakamilika mwaka 2015; na mahali penye bandari, gesi na mchanga mweupe hapakosi wageni wenye ramani mikononi. Tatu, na hii ndiyo sababu kubwa, sisi ni watu wa kiu. Tunajua maana ya mama kushuka bondeni alfajiri na kupanda tena na ndoo kichwani. Tunajua bei ya ndoo pindi mitambo ya kusukuma maji inaponyamaza. Tukikaa kimya wakati wenzetu wanafungiwa njia ya maji, nani mwingine atasema?

Wahenga walinena kwamba mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Kwetu hapa hata hayo maji ya kulowesha nywele mara nyingine ni ya kununua. Ndiyo maana inatupasa kuanza kufikiri mapema.

1. MCHEZO SI DHAMBI

Tuseme wazi ili tusisingiziwe. Hatusemi kwamba kucheza gofu ni dhambi. Ni mchezo uliokulia Uskoti: mtu hupiga mpira mdogo kwa fimbo hadi uingie katika shimo, kisha huenda shimo la pili, mpaka amalize mashimo 18. Wapo watu wema wanaoucheza, na mtu aliyefanya kazi ana haki ya kupumzika.

Lakini tutazame mchezo huu unadai nini kwa ardhi na kwa maji. Uwanja kamili wa mashimo 18 huchukua hekta 50 hadi 60, na mara nyingi zaidi. Nyasi zake ni lazima ziwe kijani Januari na Septemba vilevile, mvua inyeshe isinyeshe. Katika nchi ya joto na kiangazi kirefu, uwanja wa namna hiyo huweza kunyweshwa lita milioni moja kwa siku. Tena nyasi hizo hulishwa mbolea na kunyunyiziwa dawa za kuua magugu na wadudu, na mvua ikinyesha sehemu ya dawa hizo huteremka kisimani, mtoni au baharini.

Sasa tufanye hesabu ambayo mtoto wa shule ya msingi anaweza kuisahihisha. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 iliweka lengo kwamba kila mwananchi wa kijijini apate angalau lita 25 za maji safi kwa siku, tena katika umbali usiozidi mita 400 kutoka nyumbani kwake. Gawanya lita milioni moja kwa lita 25. Jibu ni watu 40,000. Uwanja mmoja wa kuchezea mpira mdogo hunywa kwa siku moja haki ya watu 40,000! Tangu miaka ya 1950, Mradi wa Maji wa Makonde umekuwa ukisukuma maji kutoka bonde la Mitema kuyapandisha juu kwetu, na bado kila mmoja wetu anajua kijiji ambacho bomba lake hutoa upepo. Masasi nayo hutazamia chemchemi za Mbwinji. Nani kati yetu angethubutu kusimama mbele ya akina mama wanaopanga ndoo foleni na kuwaambia kwamba nyasi zitangulie?

Husemwa kwamba mafahali wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi. Katika uwanja wa gofu mambo ni kinyume. Nyasi haziumii hata kidogo: zina mtunzaji, zina mlinzi, zina maji. Wanaoumia ni watu walio nje ya ua.

2. BEI NZURI YA MFALME AHABU

Katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 21, tunasoma habari za Naboti Myezreeli. Alikuwa na shamba la mizabibu jirani na ikulu ya Mfalme Ahabu, na mfalme alilitaka ili alifanye bustani ya mboga. Wengi wetu tumeizoea habari hii hata hatuioni tena. Tuisome upya.

Ahabu hakuanza kwa kunyang'anya. Alianza kwa kutoa bei, na bei yake ilikuwa nzuri: shamba lililo bora kuliko lile, au fedha taslimu, Naboti achague mwenyewe. Mwekezaji gani wa leo hutoa masharti mazuri kama hayo? Hata hivyo Naboti alikataa, kwa kuwa ule ulikuwa urithi wa baba zake, na kwa imani ya Israeli nchi ni mali ya Mungu. Mwanadamu ameazimwa ili awarithishe watoto wake. Kosa la Ahabu basi halikuwa uchache wa fidia. Kosa lake lilikuwa kutovumilia neno "hapana" kutoka kinywani mwa mtu mdogo.

Hapa ndipo tunapotaka waamini wasimame na kutafakari. Siku hizi kila penye mgogoro wa ardhi tunaambiwa, "Mtalipwa fidia." Fidia ni haki, na sheria inaitaka iwe kamili, ya haki na kwa wakati. Lakini fidia si ridhaa. Mtu asiye na uwezo wa kukataa hajauza; amehamishwa akiwa na risiti mkononi.

Na nani alimwua Naboti? Yezebeli aliandika barua kwa jina la mfalme na kuzipiga muhuri. Lakini barua hazirushi mawe. Waliozipokea ni wazee na wakuu wa mji wa Naboti mwenyewe, majirani zake. Wao ndio walioitisha mkutano, wao ndio waliowaketisha mashahidi wa uongo, na wao ndio waliopeleka taarifa kwamba kazi imekwisha. Mtakatifu Ambrosi, Askofu wa Milano katika karne ya 4, aliandika kitabu kizima juu ya Naboti, kwa sababu aliona wenye mali wa zama zake wakiifanya kazi ileile ya Ahabu. Sisi leo tungeongeza sura moja tu: sura ya wazee waliosaini.

3. JANA RANGI, LEO ADA

Wengine watasema kwamba hayo ni mambo ya Agano la Kale. Basi tuje Dar es Salaam. Waingereza walipoupanga mji ule waliwatenga watu kwa rangi, nao walitumia maeneo ya wazi kama mpaka. Mnazi Mmoja iliachwa wazi baina ya mtaa wa Wahindi na ule wa Waafrika. Upande wa baharini, palipo na upepo mwanana, ulikuwa wa Wazungu, na huko ndiko kulikokuwa na viwanja vya klabu ya Gymkhana. Mwafrika aliingia humo kubeba mfuko wa fimbo na kukata majani.

Uhuru ulipokuja mwaka 1961, ukuta wa rangi ulianguka. Tunamshukuru Mungu. Uwanja wa gofu ungalipo, na leo mtu wa rangi yoyote anaweza kuwa mwanachama ilimradi ana ada. Hatutaki kudharau mabadiliko hayo. Lakini tujiulize: kwa mvuvi, kwa mama mkaanga samaki, kwa kijana wa Newala anayelala chumba kimoja na wenzake wanne, tofauti ni ipi kati ya lango lililofungwa kwa rangi na lango lililofungwa kwa bei?

4. FUNZO LA NUNGWI

Tuvuke bahari hadi Unguja. Nungwi, kwenye ncha ya kaskazini ya kisiwa, ni kijiji cha wavuvi na mafundi wa kuunda majahazi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kampuni iliyoitwa East African Development Company ilikuwa na mpango wa kuikodi rasi hiyo kwa miaka 49. Habari zilizochapishwa wakati ule zilitaja eneo la kilomita za mraba 57 na gharama ya dola za Marekani bilioni 4. Palikusudiwa kujengwa mahoteli, nyumba za kifahari, viwanja vya gofu na gati la boti za starehe. Katika eneo hilo waliishi watu wapatao 20,000.

Ndugu waamini, tusome tarakimu hizo taratibu. Watu 20,000 ni zaidi ya parokia kubwa. Malalamiko makuu yaliyosikika yalikuwa kwamba wenyeji hawakushirikishwa: mpango ulijulikana kwa watu wa mbali kabla ya kujulikana kwa wale ambao makaburi ya wazee wao yamo humo. Mradi ule haukujengwa kama ulivyochorwa. Lakini ramani ile imetuachia funzo. Palipo na kijiji, mchoraji aliona nafasi tupu. Palipo na pwani ya kupandishia vyombo, aliona mandhari.

Karibu watu wote wa Nungwi ni Waislamu. Tunalisema makusudi, maana wapo Wakristo wanaodhani kazi ya haki na amani ni kuwatetea Wakristo. La hasha! Msamaria mwema hakuuliza dini ya majeruhi. Wavuvi wa Msimbati na Mikindani nao wengi wao ni Waislamu, nao ndio jirani zetu tuliopewa.

5. KISICHOANDIKWA KATIKA DAFTARI LA MTHAMINI

Mtu wa Newala akihamishwa, mthamini huja na daftari. Huhesabu mikorosho, miembe na minazi, hupima nyumba, huandika. Hata hapo tunajua jinsi mkorosho uliozaa kwa miaka 30 unavyogeuzwa kuwa malipo ya siku moja. Lakini walau mkorosho unaonekana.

Mthamini akifika pwani ahesabu nini? Mvuvi hana mti baharini. Njia anayopita kwenda kwenye ngalawa yake haina hati. Mchanga anaovutia chombo chake hauna namba ya kiwanja. Miamba ambako akina mama huokota pweza na chaza maji yanapokupwa haimo katika jedwali lolote la bei. Siku ua unapozungushwa, vyote hivyo hupotea pamoja, na daftari husema hakuna kilichopotea. Nyumba yake huenda isiguswe kabisa! Ataambiwa, "Wewe hukuhamishwa." Ni kweli, ni bahari iliyohamishwa kutoka kwake.

Mafundisho ya Kanisa hayana mashaka juu ya jambo hili. Mtaguso wa Pili wa Vatikano mwaka 1965 ulifundisha kwamba mali za dunia zimekusudiwa kwa ajili ya watu wote. Papa Paulo VI, katika waraka wake wa mwaka 1967 juu ya maendeleo ya watu, alieleza kwamba haki ya kumiliki mali si haki isiyo na mipaka. Papa Fransisko, katika Laudato Si' ya mwaka 2015, aliitaja haki ya kupata maji safi kuwa haki ya msingi ya binadamu wote. Basi anayeziba njia ya maji hakosi adabu tu. Anagusa alichokiweka Muumba kwa ajili ya wote.

6. "LAKINI AJIRA ZITAKUJA"

Hoja hii tunaiheshimu, kwa maana vijana wetu wanahitaji kazi kweli, na mzazi hawezi kumlisha mtoto hotuba. Ila watu wa Masasi na Nachingwea wana kumbukumbu ndefu kuhusu ahadi kubwa.

Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha Mpango wa Karanga. Nachingwea ilikuwa mojawapo ya sehemu zake tatu, pamoja na Kongwa na Urambo. Matrekta yaliletwa, misitu ikafyekwa, reli ikajengwa kutoka Mtwara. Wataalamu walikuwa na hakika, na mkulima wa hapa hakuulizwa mvua inakujaje wala udongo unakaukaje. Mwaka 1951 mpango uliachwa. Zaidi ya pauni milioni 36 zilikuwa zimepotea, na katika miaka ya 1960 hata ile reli ilifungwa. Bandari ya Mtwara ilibaki, na tunaikubali kuwa faida. Lakini funzo ni hili: ukubwa wa fedha za mgeni si ushahidi wa hekima yake, na anayebaki na ardhi iliyoharibika siku zote ni mwenyeji.

Kwa hiyo anayeleta ahadi ya ajira aulizwe bila woga: ni kazi ngapi, za nani, kwa mshahara gani, kwa miaka mingapi? Fundi wa majahazi akigeuzwa kuwa mlinzi wa usiku, je, amepata ajira au amepoteza ufundi? Na ahadi iandikwe, kwa maana neno la mdomo halishitakiwi.

7. WAZEE WA MJI NI SISI

Tumesema kwamba Naboti aliangamizwa kwa mikono ya wazee wa mji wake. Basi tuwageukie ninyi viongozi walei, maana wengi wenu ni wajumbe wa halmashauri za vijiji na wa mabaraza ya ardhi. Barua yenye muhuri ikija, itakuja kwenu.

Jueni sheria. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inasema kwamba ardhi ya kijiji isiyozidi hekta 250 haihamishwi pasipo mkutano mkuu wa kijiji kukubali au kukataa. Tazameni: uwanja mzima wa gofu haufiki hekta 250. Uamuzi basi si wa mwenyekiti, wala wa ofisa mtendaji, wala wa mgeni aliyekuja na gari zuri. Ni wa watu wazima wote wa kijiji, wanawake kwa wanaume, wakiwa wameketi pamoja. Ardhi ikizidi hekta 250, Waziri ndiye huamua baada ya kuzingatia mapendekezo ya mkutano mkuu. Sisi tunaona hapo sheria ina upungufu, kwa kuwa kadiri ardhi inayochukuliwa inavyokuwa kubwa ndivyo sauti ya mwenyeji inavyokuwa ndogo. Lakini hata hayo mapendekezo yatolewe kwa nguvu na yaandikwe katika muhtasari.

Jueni pia kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ufuko wa bahari, ukingo wa mto au wa ziwa. Hii inawahusu hata ninyi mnaolima kandokando ya Ruvuma. Mara nyingi mkulima mdogo hukumbushwa mita hizo kwa ukali. Tunataka mwenye hoteli na mwenye klabu naye akumbushwe kwa ukali uleule.

Tena msiseme kwamba wanyonge hawawezi kitu. Huko Tepoztlán, mji wa Mexico wenye watu wa kawaida kama sisi, mwaka 1995 wananchi waliukataa mradi wa klabu ya gofu kwa kuhofia maji na ardhi yao. Viongozi wao wa mji walikuwa wamekwisha kuukubali, wananchi wakawaondoa. Walilipa gharama kubwa, hata mmoja wao akauawa, lakini mwaka 1996 mradi uliachwa. Hatuwaiti katika fujo. Kusini hii tumeonja mwaka 2013, Masasi na Mtwara, uchungu wa moshi na damu, na hatutaki kuuona tena. Tunawaita katika mkutano halali, unaofanyika mchana, wenye muhtasari unaosomwa kwa sauti kabla ya kusainiwa.

Tunamalizia kwa maagizo machache yaliyo wazi. Asiwepo kiongozi wa kanisa atakayesaini karatasi ya ardhi asiyoielewa, au ambayo jumuiya haijaisikia. Asiwepo atakayepokea "asante" kabla ya mkutano mkuu. Hiyo ni rushwa, hata ikiwa imefungwa ndani ya bahasha ya mchango wa ujenzi wa kanisa. Na katika kila makubaliano ya ardhi iliyo karibu na bahari, mto au chemchemi, jambo la kwanza kuandikwa liwe njia ya watu kwenda majini: iko wapi, upana wake ni mita ngapi, na kwamba haifungwi usiku wala mchana. Shamba laweza kukodishwa. Njia ya maji haiuzwi, maana wenye kuipita wengine hawajazaliwa bado.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Katika kijiji chetu, njia za kwenda kisimani, bondeni au mtoni ni zipi? Je, zimeandikwa katika mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji?

2. Mkutano mkuu wa kijiji ulizungumzia ardhi lini mara ya mwisho? Nani alisoma muhtasari, na nani alihifadhi nakala?

3. Someni 1 Wafalme 21. Kila mmoja aseme: katika habari hii, mimi ningekuwa nani siku ile barua ilipofika?

4. Jumuiya yetu inaweza kufanya nini, pamoja na jirani zetu Waislamu na Waanglikana, ili mjane asiye na hati asipoteze shamba lake?